Daftari la Wabebaji

Mtaa wa Tandamti unapita ubavuni mwa soko la Kariakoo. Ukiingia hapo saa nne asubuhi hutembei, unasukumwa. Kijana aliyeinamia belo la mashuka anakujia mbio, shingo imekaza, anapiga kelele, "Pisha mzigo!", na kama umesimama kusoma kibao cha mtaa utapishwa kwa kiwiko. Nimepishwa hivyo mara nyingi, kwa sababu nina tabia mbaya ya kusoma vibao.

Vibao vyenyewe vina jambo. Mbali na Tandamti kuna Narung'ombe na Mahiwa. Wengi tunadhani Narung'ombe ni habari ya ng'ombe, pengine palikuwa na machinjio. La. Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa ni sehemu za bara ya Kilwa na Lindi, na kilichozifanya zijulikane nje ya huko ni mwaka 1917. Waingereza na Wajerumani walipigana Narung'ombe tarehe 19 Julai, Tandamti mwanzoni mwa Agosti, na Mahiwa kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba. Mahiwa peke yake iliwagharimu Waingereza zaidi ya askari 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Leo tunanunua chaja za simu na sufuria juu ya ramani ya vita, na hatuna habari.

Jina la Kariakoo lenyewe ni la vita vilevile. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, lililopita kwenye midomo ya watu likatoka na umbo tulilonalo. Wajerumani walikuwa wamesimamisha jengo la soko pale kabla ya vita. Waingereza walipouchukua mji tarehe 4 Septemba 1916, jengo likawa kambi ya wapagazi. Biashara ilianza humo mwaka 1923. Nairobi nako kuna Kariokor, na huko pia pamekuwa soko. Kikosi kilichobebeshwa mizigo kimeacha masoko mawili katika miji mikubwa miwili, na sidhani kama kuna jeshi jingine duniani lililoacha kumbukumbu ya namna hiyo bila kukusudia.

Swali langu linaanzia hapo. Raia anapobeba vita vya jeshi lisilo lake, au la rafiki yake, amefanya nini hasa? Amesaidia? Amechanga? Au ametumiwa? Wanahistoria wa vita hupenda majenerali, na walio wadadisi zaidi hupenda silaha. Anayeleta unga hutajwa kwenye tanbihi.

Kuna mfano mmoja wa mbali ambao huwa nauweka mezani kama mizani ya dukani, nipimie mengine. Mwaka 1942, Wajerumani wakiwa bado wako ndani kabisa ya Urusi, Mongolia iliamua kununua vifaru kwa ajili ya jeshi la Urusi. Mongolia wakati huo haikuwa na watu hata milioni moja, na wengi walikuwa wafugaji wanaohama na mahema yao. Zilichangwa tugriki milioni 2.5, dola za Marekani 100,000 na dhahabu kilo 300. Januari 1943, karibu na Naro-Fominsk, mji ulio kusini-magharibi mwa Moscow, ujumbe wa Mongolia ukiongozwa na Choibalsan ulikabidhi vifaru 53: 32 vya aina ya T-34 na 21 vidogo vya T-70. Vilikwenda kwa brigedi ya 112, na safu hiyo ikaitwa Mongolia ya Mapinduzi. Jina liliandikwa kwenye chuma. Mongolia ikachukua na jukumu la kuilisha na kuivika brigedi hiyo hadi mwisho wa vita, na mwisho wa vita ulikuwa Berlin.

Inapendeza. Mtoaji anajulikana, kilichotolewa kimehesabiwa, aliyepokea amepokea mbele ya watu, na jina limepakwa rangi ubavuni mwa kifaru. Lakini tusiisifu mno. Choibalsan huyohuyo, miaka michache kabla, alikuwa ameua maelfu kwa maelfu ya watu wake, wakiwamo watawa wa Kibudha. Mfugaji aliyejiwa na mjumbe wa chama akaulizwa atatoa nini kwa ajili ya vifaru, sijui kama alikuwa na nafasi ya kusema mwaka huu mifugo yangu imekonda. Hata mchango ulioandikwa vizuri una kivuli cha amri nyuma yake. Ila umeandikwa. Nashikilia neno hilo kwa sababu Kariakoo ndilo lililokosekana.

Turudi 1916. Kwa nini watu? Kwa nini jeshi lenye meli za kivita, reli na magari lilihitaji vichwa vya wanadamu? Jibu ni mbung'o. Farasi na nyumbu walioletwa walikufa kwa nagana, ugonjwa wa mbung'o, upesi kuliko walivyoweza kuletwa wengine. Magari yalizama kwenye matope ya masika. Reli ya kati ilikwenda Kigoma, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa anarudi kusini, Rufiji kisha Lindi kisha Ruvuma, kusikokuwa na reli wala barabara. Basi kilichobaki ni mgongo.

Tupige hesabu ya dukani. Mpagazi anabeba kilo 25. Anakula kama kilo moja ya chakula kwa siku, akilishwa inavyopasa. Vita viko mwendo wa siku kumi. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20, na kilichomfikia askari ni kilo 5. Askari mmoja naye anataka chakula, risasi, dawa, hema, na bado hujaweka mzinga. Majeshi yaliweka vituo njiani, mpagazi akapokewa na mwenzake, lakini kugawa safari hakupunguzi midomo. Kila hatua ambayo Lettow alirudi nyuma, Waingereza walihitaji wapagazi wengi zaidi kumfuata, na wapagazi wale walihitaji wapagazi wengine wa kuwabebea chakula. Yule Mjerumani alikuwa anapigana na tumbo la adui, na alijua. Naye vilevile alikuwa na wapagazi wake, waliokamatwa vijijini na wengine kufungwa kamba ili wasitoroke. Hakuna upande uliokuwa na mikono misafi.

Waliobebeshwa upande wa Waingereza, ukijumlisha wote, wanafikia kama milioni moja. Walitoka Kenya ya leo, Tanganyika yenyewe kadiri ilivyotekwa, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) ambako waliitwa tengatenga, hadi Sierra Leone na Nigeria. Wabelgiji, ambao walikuwa washirika wa Waingereza, waliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916 kwa askari wa Kongo na mabega ya watu wa Kongo na Rwanda. Unguja, ambayo kwa sheria ilikuwa nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ilitoa wapagazi wake. Kikosi chao kiliongozwa na Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliyetembea nao bara kwa miguu. Ukitafuta raia wa nchi mshirika waliolibeba jeshi la rafiki, nadhani Waunguja hao ndio wa kwanza kwetu. Weston baadaye aliandika kwa ukali kuhusu kazi za kulazimishwa. Aliyekwishatembea nao hakuweza kuzungumza kama aliyekaa ofisini.

Mwaka 1917 Waingereza walileta ukamataji wa watu kwa wingi nchini Kenya chini ya John Ainsworth, na kwa miezi kadhaa kukawa na wilaya ambazo kijana mzima hakuonekana njiani. Oscar Watkins, aliyekisimamia kikosi cha wapagazi, alipigania chakula bora na hospitali kuliko wakubwa wake walivyotaka. Alikuwa na sababu. Wapagazi hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka kwa maji ya dimbwi, ukapewa mtu aliyezoea ndizi au mtama, ulikuwa unakata matumbo. Vifo vilivyoandikwa rasmi ni takriban 45,000. Geoffrey Hodges, mwanahistoria aliyetumia miaka mingi kufuatilia habari zao, aliona idadi ya kweli inakaribia 100,000.

Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Makumi ya maelfu ya watu wako kati ya daftari na ukweli. Mishahara ya waliokufa au kupotea, ambayo haikuwa na wa kuidai kwa sababu jina liliandikwa vibaya au halikuandikwa, haikuwafikia jamaa zao. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudi msituni kwa makusudi, kwa maamuzi ya maofisa walioona ni upotevu wa fedha kuyatunza. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yenyewe, ikakiri kwamba wanajeshi na wabebaji wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na watu wa Misri. Ripoti ilichelewa miaka mia moja, lakini nakiri ilikuwa na adabu ya kusema.

Kitu cha ajabu ni kwamba mji wenyewe una mnara. Panda kutoka Kariakoo, vuka Mnazi Mmoja, ingia mjini mpaka mzunguko wa Samora. Pale juu yuko Askari, bunduki mkononi, singe mbele. Aliwekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, yule gavana wa Kijerumani. Ni kazi nzuri ya mikono, sitaki kuidharau. Lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki peke yake. Nairobi, katika mnara wa vita hivyohivyo, mbebaji amepewa nafasi ya kusimama sawa na askari. Dar es Salaam imebaki na askari mjini na wapagazi kwenye jina la soko, kilomita mbili hivi baina yao, na Mnazi Mmoja katikati, uwanja ulioachwa wazi na wapima ardhi wa kikoloni ili Waafrika wakae upande wao.

Vita Vikuu vya Pili tuvipite haraka. Japani ilipoichukua Malaya mwaka 1942, Uingereza ikakosa mpira, na watu wa Tanganyika wakapelekwa kwa amri kwenye mashamba ya mpira na mkonge. Mizigo ilibadilika, daftari likaboreka kidogo, na amri ikabaki amri.

Jambo lilibadilika kweli miaka ya sitini, na lilibadilika katika mitaa hiyohiyo. Tarehe 25 Juni 1962 FRELIMO iliundwa Dar es Salaam kwa kuunganisha vyama vya wakimbizi wa Msumbiji. Ofisi yake ilikuwa Mtaa wa Nkrumah, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaweka Kamati yake ya Ukombozi mjini humu. Kongwa ikawa kambi, kisha Nachingwea. Kurasini palikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule iliyosimamiwa na Janet Mondlane. Mtwara palikuwa na hospitali ya majeruhi. Vita vyenyewe dhidi ya Wareno vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado.

Silaha zilishuka bandarini Dar es Salaam, zikapanda malori kuelekea kusini, zikavuka Ruvuma kwa mitumbwi. Na ng'ambo ya Ruvuma? Zilipanda kichwani. Hakukuwa na barabara ambayo ndege za Wareno haziioni, basi masanduku ya risasi yalibebwa na wanakijiji na wanawake wa Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO, siku nyingi za mwendo, usiku, wakienda kusini kwa miguu kama wapagazi wa vita vya kwanza. Jiografia ni ileile na mzigo ni uleule. Kilo ni kilo.

Lakini huyu wa pili hakufungwa kamba. Alijua mzigo unakwenda wapi na kumfanyia nini, na alipewa cheo. Josina Machel, aliyetoka katika kikosi hicho, alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na leo tarehe hiyo ni siku ya wanawake wa Msumbiji. Mbebaji amepata siku kwenye kalenda. Kwa wapagazi wa 1917 hakuna siku.

Upande wetu wa mto gharama ilikuwa ya kimyakimya. Wanakijiji wa kusini, Newala mpaka Tunduru, waliishi na mabomu na mabaki ya mabomu, na wakimbizi waliofika na njaa. Dar es Salaam ilipata vifurushi: Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta. Mji uliokuwa nyuma ya mstari wa mbele ulikuwa mstari wa mbele. Sisemi kwamba kila mkazi wa Ilala au Kariakoo alikuwa mpigania uhuru. Wengi walikuwa wanatafuta unga, na wapo waliolalamika kwamba wageni wanatumalizia vyumba. Raia hasaidii vita kwa moyo mmoja wakati wote. Anasaidia kwa kuvumilia, na uvumilivu haukabidhiwi kwa hafla karibu na Moscow.

Vifaru vyenyewe viliingia hadithini Oktoba 1978. Tarehe 30 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka yakaikalia sehemu ya Kagera kaskazini ya mto, na muda mfupi baadaye Amin akatangaza kuwa ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza Dar es Salaam, akasema maneno ambayo mpaka leo mtoto wa shule anayajua: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nia na sababu zilikuwapo bila shaka. Uwezo ndio uliokuwa wa kukopa na kuchanga.

Fikiria kifaru. Kinatoka bandarini au kambini na kinatakiwa kifike Kyaka, zaidi ya kilomita elfu moja, upande wa pili kabisa wa nchi. Kwa reli hadi Mwanza. Kwa meli kuvuka ziwa, au kwa barabara ya vumbi. Daraja la Kyaka lilikuwa limebomolewa na askari wa Amin, na ilibidi wahandisi wa jeshi watengeneze daraja la muda. Kifaru hunywa mamia ya lita za dizeli kufanya mwendo ambao basi lingeufanya kwa sehemu ndogo ya hizo. Nyuma ya kila kifaru kuna lori la mafuta, lori la risasi, lori la chakula. JWTZ, jeshi letu, haikuwa na malori ya kutosha. Yakachukuliwa ya mashirika na ya watu binafsi, na mabasi pia. Mwenye lori aliyekuwa anapeleka vitunguu Kariakoo aliona lori lake likienda Bukoba likiwa na askari, na akalisubiri.

Mgambo waliitwa kwa makumi ya maelfu. Mikoa ilitoa ng'ombe, mahindi na fedha. Hapa ndipo mchango na amri vinapochanganyika mpaka huvitenganishi, na nadhani si uungwana kujaribu. Waliotoa ng'ombe kwa furaha walikuwapo, hasa kwa sababu watu wa Kagera walikuwa wameuawa na nyumba zao kuchomwa. Na wapo waliotoa kwa sababu katibu kata alikuwa amesimama mlangoni na karatasi. Tofauti na 1917 ni hiyo karatasi: safari hii kulikuwa na anayeandika.

Na kulikuwa na rafiki aliyekumbuka. Samora Machel, rais wa Msumbiji, alituma kikosi kije kupigana pamoja nasi. Nchi iliyopata uhuru wake mwaka 1975, ambayo yenyewe ilikuwa inapigwa na Rhodesia, ilitoa askari. Nchi nyingi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilitoa ushauri. Barabara anakosimama yule Askari, iliyowahi kuitwa Acacia, na baada ya uhuru Independence, leo ni Samora.

Januari 1979 jeshi likavuka mpaka kuingia Uganda, na hali ikageuka: sasa Watanzania walikuwa jeshi la kigeni, na raia wa Uganda ndio waliokuwa wenyeji. Masaka ilianguka mwishoni mwa Februari. Mbele yake, Lukaya, barabara inapita juu ya tuta refu katikati ya mabwawa, na kifaru kikitoka kwenye lami hapo kimezama. Huko, tarehe 10 na 11 Machi, walikutana na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Njiani kote raia wa Uganda walijitokeza na ndizi, maji na habari: wapi askari wa Amin wamejificha, barabara ipi imetegwa. Waliwaita wakombozi. Walipora pia, maduka ya Kampala yakabaki rafu tupu, na baadhi ya wakombozi hawakubaki wakitazama. Hayo nayo yamo katika hesabu ya msaada wa raia: anayekufungulia mlango leo anaweza kukuomba uondoke kesho. Watanzania walibaki hadi 1981, na kufikia wakati huo ile shangwe ilikuwa imechuja.

Gharama ya vita inakadiriwa kuwa dola milioni 500. Mwalimu alitutaka tufunge mkanda miezi 18. Mkanda uligoma kufunguka. Yeyote aliyekuwa Kariakoo mwanzoni mwa miaka ya themanini atakwambia habari ya foleni, sabuni iliyokatwa vipande, sukari ya kugawiwa, unga wa njano wa msaada, na walanguzi waliokuwa na kila kitu chini ya meza. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu wakaanza kutupa vitenge na redio usiku wasikutwe navyo. Kusema vita peke yake ndivyo vilivyotufikisha pale ni kuvionea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, mafuta yalipanda bei 1979, mvua zilikataa, na sera za uchumi zilikuwa na makosa yake, ambayo wakati huo haikuwa rahisi kuyasema. Lakini malori yaliyokwenda Kagera, mengi yalirudi mabovu au hayakurudi, na nchi isiyo na malori haileti mahindi ya Rukwa Dar es Salaam. Hiyo ni sababu unayoweza kuigusa kwa mkono.

Ndiyo maana nasita ninaposikia mjadala ukiishia kwenye swali la hiari: walitaka au walilazimishwa? Ni swali la haki, lakini halina jibu safi hata Mongolia. Kwa maoni yangu lenye uzito zaidi ni la daftari. Nani aliandikwa, aliandikiwa nini, na baada ya vita nani alikuwa na karatasi ya kuonyesha? Mfugaji wa Mongolia ana safu ya vifaru yenye jina la nchi yake. Mwanamke wa Cabo Delgado ana tarehe 7 Aprili. Askari wa Kagera wana Kaboya, makaburi yaliyopangwa kwa safu mkoani Kagera, na Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai. Mwenye lori la vitunguu, kama alipewa risiti, pengine bado anayo mahali. Mpagazi wa 1917 ana neno lililopindishwa ambalo kondakta wa daladala analitamka mara mia kwa siku, "Kariakoo, Kariakoo, moja twende," na si jina lake.

Soko lililopo sasa si lile jengo la Wajerumani. Ni la Beda Amuli, msanifu wetu, lililofunguliwa na Mwalimu Desemba 1975, lenye paa la zege kama miavuli mikubwa. Liliungua Julai 2021. Biashara haikulala. Wateja wa Lubumbashi, Lusaka na Moroni waliendelea kuja, na mizigo ikaendelea kutoka kwa mabega.

Wiki iliyopita nilisimama pembeni ya duka la jumla Tandamti, mwenye duka alipokuwa anafunga mzigo wa mteja wa mkoani. Alizungushia gundi, akakaza kamba, akachukua kalamu ya wino mzito akaandika juu kwa herufi kubwa: jina la mteja, namba ya simu, NEWALA. Akaandika tena ubavuni, maandishi yasije yakafutika kwa mvua. Kisha akamwita kijana.

"Shilingi ngapi mpaka stendi ya magari ya kusini?"

"Tano, kaka."

"Tatu. Jana nimetoa tatu."

"Jana haukuwa mzito hivi, kaka. Nne basi."

Wakakubaliana nne. Mwenye duka akafungua daftari lake la mauzo, akaandika tarehe, mteja, bidhaa, na kwenye safu ya gharama akaandika: mbebaji, 4,000. Kijana alikuwa ameshakunja kitambaa kichwani, wenzake wawili wakampandishia, akayumba mara moja, akapata uzani wake, akaingia kwenye msongamano akielekea Msimbazi. Kwa mbali niliona tu NEWALA ikienda juu ya vichwa vya watu.